Kwenda Mlimani Kabla ya Tunda

Kila mwaka baridi ya Maskati ikianza kuisha mimi hupanga safari. Nyingi huishia papo hapo kwenye kupanga. Mwaka ule nilikuwa napanga kwenda Japani kuona maua ya micheri, na nilikuwa nimefika mbali: nilishajua inachanua lini kusini na lini kaskazini, na treni ipi inapita katikati ya mashamba. Kazi yangu ni kuuza vipuri vya magari huko Ghala, mtaa mmoja wa Maskati. Duka likiwa halina mteja, mtu anaweza kuijua Japani vizuri sana.

Nikaenda kumwonyesha shangazi picha. Ni dada yake marehemu baba, anakaa Al-Khuwair, na mimi ndiye wa kumpeleka kokote anakotaka kwenda: hospitali, mazikoni, sokoni Matrah. Alizisukuma picha kwa kidole, moja baada ya moja.

"Na tunda lake likoje?" akauliza mwishoni.

Nikamwambia micheri ile haina tunda la maana. Imepandwa itazamwe tu.

"Haizai?"

"Haizai."

"Basi upande ndege kwenda kutazama mti tasa." Akanirudishia simu. "Maua hata kwetu mlimani yapo. Na mimi nnataka kwenda."

Mlimani ni Jebel Akhdhar, mwendo wa saa chache kutoka Maskati. Sikuwahi kumsikia akipaita kwetu. Kwetu siku zote ilikuwa Pemba. Babu ndiye aliyezaliwa mlimani. Aliondoka kijana, akaenda Pemba, akapata mashamba ya karafuu, akafia huko. Miti yake ya matunda aliiacha mikononi mwa mdogo wake. Kwa desturi ya kule, mtu huweza kuwa na mti kwenye ardhi isiyo yake, na akiondoka, hata akapotelea ng'ambo, mti unabaki wake na wa wanawe. Jambo hili kila mtu analijua na hakuna anayelitaja.

Baba na shangazi walikuja Oman wakiwa vijana. Barabara ya lami ilipofika juu ya mlima, wakaenda kumwamkia ami yao, yule mdogo wake babu. Walikwenda mishmishi imeiva, yale matunda ya manjano yenye kokwa moja, kwa sababu ndio wakati watu wote wanapokwenda. Na walikwenda na kikapu, kwa sababu shangazi hatoki nyumbani bila kikapu. Mzee aliwakuta mlangoni. Akakichukua kile kikapu, akaingia nacho shambani, akarudi nacho kimejaa mpaka juu. Akasema, "Hii haki yenu." Kahawa hawakupewa. Binti yake, aliye rika moja na shangazi, alikuwemo ndani na hakutoka.

Mtu wa Oman akishaacha kukupa kahawa hana haja ya kukutukana. Wakateremka. Mishmishi ikaozea jikoni, na hakuna aliyepanda tena.

Sasa yule mzee alishakufa, na baba vile vile. Juu alibaki yule binti, mjane. Shangazi hakutaka mti. Alitaka jambo moja tu: aingie katika nyumba aliyozaliwa baba yake, akae na binti wa ami yake kama jamaa, kabla mmoja wao hajamtangulia mwenzake. Alinieleza haya kwa sauti ile ile anayoniagizia unga.

"Wakati wa matunda hatwendi," akasema. "Watasema tumefuata haki. Wakati wa baridi miti mitupu, watasema tumekuja kutazama ardhi. Lakini wakati wa maua, tumefuata nini? Ua haliliwi."

Hii ilikuwa hoja ya mtu wa Pemba. Karafuu huchumwa ikiwa bado imefumba. Ikishachanua imeharibika, haina bei, na mwenye shamba akiyaona maua mtini huona wachumaji waliochelewa. Kwa mtoto wa mwenye karafuu, ua ni hasara iliyojipamba. Nani atakushuku kwamba umefuata hasara?

Niliitazama hoja ile kila upande sikuona pa kuitoboa. Japani nikaiweka kando. Ilikuwa imeshazoea.

Tulianza kupanga. Kazi kubwa ilikuwa zawadi. Halua haifai, shangazi alisema, kwa sababu halua ni ya harusi na ya suluhu, na kupeleka ya suluhu ni kukiri kwamba kulikuwa na ugomvi. Mchele haufai, watadhani tumewaona masikini. Nguo hatujui kimo chao. Mwishowe tukaenda Matrah, kwa muuza viungo, shangazi akanunua karafuu za Pemba akazifunga kwenye kitambaa cheupe.

Pale dukani kwangu fundi wetu, kijana wa Tanga, alilitazama gari breki na gia ndogo, maana ule mlima hauteremkwi kwa kukanyaga breki tu.

"Kwa hiyo mnapanda mpaka kule juu, mnaangalia maua, mnashuka," akasema kutoka chini ya gari.

"Ndio."

"Hamchumi kitu."

"Hatuchumi."

"Sawa, kaka. Kila mtu na starehe yake."

Asubuhi ya safari shangazi alilikagua gari kabla ya kupanda. Alitoa kasha la kuwekea vinywaji baridi, kwa sababu lilikuwa tupu na chombo kitupu kinasema. Alitoa mifuko ya plastiki. Aliikuta kamba.

"Hii ya nini?"

"Ya kuvutia gari likikwama."

"Toa."

Kikapu chake mwenyewe alikiacha sebuleni juu ya kiti, na njia nzima mikono yake haikujua pa kukaa. Pale kwenye kizuizi, askari wanapohakikisha kwamba gari ni la kupandia mlima, mmoja aliinama dirishani akauliza tunakwenda wapi. Shangazi akamwambia tunakwenda kuangalia maua, na hatuchumi kitu. Askari akasema sawa, mama.

Nyumba ilikuwa ya mawe, pembezoni mwa kijiji, na chini yake mashamba yalishuka ngazi kwa ngazi mpaka kwenye korongo. Tulibisha. Akafungua mwanamke mfupi, mkono mmoja fimbo, mwingine funguo. Shangazi akataja jina lake, na la baba yake, na la babu yake. Yule mwanamke akamtazama kwa muda.

"Karibuni," akasema. Akatoka nje, akaufunga mlango nyuma yake. "Mmefuata nini?"

Walisema Kiarabu. Cha shangazi ni sahihi, ila kina mwendo wa Pemba.

"Maua," shangazi akasema.

"Maua." Akatia ufunguo mfukoni. "Haya. Twendeni kwenye maua."

Tukateremka. Sikuwahi kuona kitu kama kile, na nimezunguka kidogo. Milozi ilikuwa myeupe na mishmishi ilikuwa na wekundu mdogo sana, kama nguo iliyofuliwa na nyingine inayochuja. Miti haikuwa na jani hata moja. Maji ya mfereji yalipita miguuni mwa miti, na nyuki walikuwa wengi hata ukawasikia kabla ya kuwaona. Nilitoa simu nikapiga picha. Nilipiga mti mmoja mmoja, kwanza wote, kisha shina, kisha tawi, nikahamia mwingine, maana sikutaka kukosa hata mmoja.

Shangazi alikuwa anatembea ameinamisha kichwa, asije akaonekana anaitazama miti. Alikuja kuona maua na alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Umeipiga mingapi?" mwenyeji wetu akaniuliza.

"Yote, insha'Allah."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepata ushahidi. Kisha akamgeukia shangazi na kuinua fimbo. "Ule pale ndio mlozi wa baba yako."

"Mimi sijui miti ya mtu," shangazi akasema.

"Na ile miwili ya mishmishi, karibu na ukuta."

"Sijui, binti ami. Miti yote mizuri, mashallah."

"Na ule wa pembeni, ulioinama."

Babu, kule Pemba, alikuwa na tabia, baada ya chakula cha usiku, ya kuwatajia wanawe miti yake, mmoja mmoja na mahali pake, kama wengine wanavyosoma uradi. Nilimwona shangazi anajizuia. Alijizuia vizuri kwa muda.

"Ule sio," akasema. "Ule wa ami. Wa baba ni ule wa juu ya mfereji, wenye panda."



"Nilijua," yule mwanamke akasema. "Mara ile mlikuja na kikapu, mkapewa kikapu. Mara hii mmekuja na mpiga picha. Wakati wa tunda huja watu wote, wa kula na wa kutembea. Wakati wa maua wanakuja wawili tu, mnunuzi na mrithi. Wanapita chini ya miti wanahesabu, kisha wanazungumza bei ya kitu ambacho hakijazaliwa. Mtoto mdogo wa hapa analijua hilo. Wewe hulijui?"

Shangazi hakulijua. Mimi nilikuwa bado nimeshika simu juu, nikaiteremsha.

"Kwetu ua ni taka," shangazi akasema.

"Taka?"

Shangazi akakifungua kile kitambaa cheupe palepale, akatoa karafuu moja akaiweka kwenye kiganja cha mwenzake. "Hili ni ua. Limechumwa halijafunguka. Lingefunguka asingelinunua mtu. Sisi tukiona mti umechanua tunajua hapo hapana kitu, hata mwizi haji. Nikasema nije wakati ambao hapana kitu, nikuone wewe."

Yule mwanamke aliigeuza karafuu, akakitazama kichwa chake. "Umri wangu wote natia maua kwenye kahawa?"

"Maua."

"Baba aliniambia ndugu yake kaenda Afrika kutajirika. Kumbe kaenda kuchuma maua."

"Ndio utajiri wenyewe huo."

"Na kile kikapu?"

"Natoka nacho popote."

"Popote wapi?"

"Hata hospitali," nikasema mimi. "Leo ameshurutika kukiacha."

Akaniangalia, kisha akamwangalia shangazi, ambaye alikuwa amekunja mikono kama mtu aliyeibiwa. Nadhani hiyo mikono ndiyo iliyomsadikisha.

"Siku ile nilikuwa nyuma ya mlango na buli la kahawa mkononi," akasema. "Baba akaniambia ngoja, watasema tunawapaka mafuta ili tule haki yao. Nikangoja. Mkaondoka." Akaanza kupanda ngazi za mawe, shangazi nyuma yake. "Mkija na tunda mnadhaniwa, mkija na ua mnadhaniwa. Sasa usije tena. Kaa. Aliyekuwepo hana siku aliyokuja."

Akatoa ufunguo akafungua mlango. Shangazi akaingia, mguu wa kulia mbele, na wakati anapita aliugusa mwimo kwa mkono wote. Hilo ndilo peke yake alilolifanya.

Alikuwa amekuja kwa mchana mmoja, bila vidonge vyake vya presha. Nikateremka Maskati kuvifuata, nikapanda tena na vidonge na nguo, nikateremka peke yangu. Nilipopanda mara ya tatu kupeleka miwani yake, maua yalikuwa yameshaanguka yote, na hakuna kati ya wale wawili aliyesema lolote kuhusu hilo. Walikuwa wanabishana juu ya uji. Binti ami yake alikuwa akimwambia Kiarabu chake kinanuka nazi, na yeye alikuwa akijibu kwamba afadhali nazi kuliko mbuzi.

Nikawa napiga simu kuuliza nije kumchukua lini. Mara amechoka, mara kuna baridi, mara ndege wanadonoa matunda machanga na lazima pakae mtu. Mwishowe nikaacha kuuliza, nikafunga duka siku ya Ijumaa, nikapanda.

Mishmishi ilikuwa imeiva. Njia yote ya kijiji ilikuwa magari ya Maskati. Nilipobisha alifungua shangazi, funguo mkononi. Alilitazama kwanza gari, nyuma kunakowekwa mizigo, kisha akanitazama mimi.

"Umefuata nini wewe, saa hizi?"

Nikamwambia nimemfuata yeye. Akakaa mlangoni vilevile, anaipima habari hiyo. Kutoka ndani binti ami yake akauliza ni nani.

"Mgeni tu," shangazi akajibu kwa Kiarabu. "Wa Maskati."