Kapu Lililopitishwa kwa Ajili Yangu

Mpaka leo nikiikumbuka Jumapili ile masikio yanapata moto, na ninawasimulia ninyi kwa sababu hakuna hata mmoja wenu aliyekuwepo.

Nilikuwa nimehamia Kampala kutoka Busia, nauza vyombo vya plastiki kwenye duka la jumla kule Kikuubo, mahali ambapo mchana kutwa unasukumwa na watu na jioni unarudi chumbani Bugolobi bila yeyote aliyekuuliza umeshindaje. Basi jino likanishika, nikachukua mkopo wa kwenye simu ili ning'olewe, na fomu ikataka namba ya mtu wangu wa karibu. Wa karibu nani? (Mwenye nyumba mwenyewe namwita landilodi tu, jina silijui.) Nikaandika namba ya Mwalimu Barasa, mwenyekiti wa kikundi chetu cha sala cha Wakenya kule Lubaga, ambaye nilikuwa nimesalimiana naye tu mlangoni. Sikumwomba ruhusa. Nilijiambia, kwani nani atampigia?

Mshahara ukachelewa, nami nikachelewa kulipa. Binti wa kampuni ya mkopo anayedai madeni alipiga nikiwa na wateja, sikushika. Ijumaa nikalipa deni lote, nikajua yamekwisha, kumbe alishampigia Mwalimu.

Jumapili baada ya sala Mwalimu akasimama.

"Ndugu zangu, kuna dada yetu anateseka kimyakimya. Wenye mkopo wamenipigia, wanasema atafungwa."

Akanitaja, jina la ubatizo na la baba, akaniita mbele, akapitisha kapu. Watu wakatoa. Bibi mmoja alifungua fundo la leso akatoa noti iliyokunjwa mpaka ikawa kama kidonge. Na aibu kubwa kuliko zote ni hii, kwamba kwa muda kidogo nilifurahi, maana tangu nihamie hakuna aliyekuwa amenitazama muda mrefu namna ile.

"Mwalimu," nikasema, "nililipa Ijumaa."

Kapu likasimama katikati ya ukumbi. Kisha likaanza kurudi lilikotoka, kila mtu akitafuta noti yake, na bwana mmoja akishikilia kwamba yake ilikuwa kubwa zaidi.

Ndipo akainuka Afande Akello, polisi kutoka Gulu aliyeolewa na Mkenya mwenzetu.

"Mwenye makosa ni huyo alipiga simu," akasema. "Deni ni ya huyu dada na wao. Hawana ruhusa kuambia mtu ingine, na hawana ruhusa kutisha mtu na jela. Dada, kesho kuja, tutaandika malalamiko."

"Lakini si waliniambia mimi ni mdhamini?" Mwalimu akauliza.

"Uliweka sahihi?"

"Hata sikujua kama namba yangu imeandikwa."

Wote wakageuka kunitazama tena, na safari hii sikufurahi hata kidogo.

Malalamiko tulipeleka, na kampuni ikaniomba radhi kwa ujumbe mfupi. Mwalimu akanisamehe. Lakini tangu siku ile kikundi kizima kinanisalimia kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwamkia mgonjwa, na hakuna anayebaki kuongea nami baada ya salamu.

Nimeapa sitaandika tena namba ya mtu kabla ya kumwomba. Kuapa kulikuwa rahisi. Wa kumwomba bado sijampata.