Ubishi wa Mitutu Sita Wanipeleka Migato

Nilifunga safari kwa sababu ya simu ya shemeji, mke wa Masanja. Masanja nilitumikia naye jeshi la majini, wote wapiga mizinga.

"Tangu kiharusi kimpate hajatamka neno," alisema. "Kila kitu anasikia. Daktari anasema asipojaribu sasa, atabaki hivyo hivyo. Njoo wewe, mtani wake."

Kweli, mimi Mzaramo, yeye Msukuma, watani wa kutukanana bila kuudhiana.

Basi lilipoiacha Shinyanga na mashamba ya pamba kuanza kuonekana dirishani, nilikumbuka kozi yetu ng'ambo. Tulionyeshwa mizinga miwili ya kuilinda meli kombora likishakaribia kabisa. Mmoja una mitutu sita inayozunguka, unamimina risasi ndogo bila kupumua. Huo nikaupenda. Masanja akachagua wa mitutu miwili: haukimbii sana, lakini risasi yake kubwa inafika mbali na kupasukia mbele ya kombora. "Wa kwako utalipasua pale mlangoni," alinibishia, "na vipande vyake vitatuua vilevile!" Tulibishana bwenini, tukabishana mezani, hata foleni ya kunyoa. Jamani, ujana ule ulikuwa mtamu!

Bariadi nilishuka basi, nikapanda bodaboda hadi Migato, vumbi mpaka kwenye kope.

Masanja alikuwa kitini uani, mdomo umepinda. Roho iliniuma. Watu walikuwa wakimnong'oneza "pole, baba" kana kwamba wako matangani.

"Mwadila," nilisalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila, shemeji. Karibu," mkewe aliitikia.

Masanja alinitazama tu. Nikavuta kigoda.

"Wewe mla michembe ya viazi vikavu, umenyamaza kwa kuwa umekubali mitutu sita ndiyo mzinga?"

Mdogo wake aliruka. "Huyu ni mgonjwa!"

"Mgonjwa wa kushindwa! Mzinga wake ule ni jembe la kukokotwa na ng'ombe. Kombora linafika, wenyewe bado unakohoa!"

Mkono wake uliobaki mzima ulikikamata kiti kwa nguvu. Midomo ikahangaika, jasho likamtoka.

"Vi... vi..." Akafumba macho. "Vipande!"

Shemeji aliweka sufuria chini, akalia na kucheka kwa pamoja. "Mtukane tena, shemeji! Mtukane!"

Juma zima nilimtukana. Siku ya kuondoka aliweza kuniambia, polepole, kwamba sina akili.

Kwenye basi la kurudi nilikuwa na furaha ya ajabu. Nimejifunza kwamba mgonjwa naye huchoka kuhurumiwa. Na kuhusu mizinga, Masanja ndiye aliyekuwa sahihi. Nimelijua hilo miaka mingi. Sitamwambia. Nikikubali, atabishana na nani?