Baba Mkwe Alivyokataa Kusema

Baba mkwe wangu ni mtu wa siri. Ukimwuliza anakwenda wapi, atakujibu, "Huko." Ukimwuliza huko wapi, atakwambia, "Mbele." Aliendesha teksi miaka thelathini, na mama mkwe husema hata abiria walikuwa hawajui wanapitishwa njia gani mpaka wafike. Miaka mitatu iliyopita alianguka kwenye ngazi akipaka dari rangi, akaumia mgongo, na gari likaingia bandani nyuma ya nyumba. Kila siku analipangusa vumbi. Hakuna anayeruhusiwa kuligusa, hata mume wangu, mwanawe wa kumzaa.

Mwezi uliopita mwalimu mkuu wa shule ya jirani alimwambia baba kwamba anatafuta mtu mzima, mwenye subira, wa kupeleka na kurudisha watoto wadogo. Baba alirudi nyumbani anatembea kama kijana. Sharti lilikuwa moja: alete gari likaguliwe Alhamisi, kabla ya saa kumi jioni. Asipofika, kazi anapewa jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, ambaye baba hamtaji kwa jina, humwita "yule wa honi" tu.

Alhamisi saa tatu asubuhi, gari halikuwaka.

Tukamwita fundi wa mtaani, anayeitwa Sikio kwa sababu huisikiliza injini kwanza kabla hajashika spana. Betri ilikuwa imekufa kabisa, hilo hata mimi ningelisema. Akaweka ya kwake. Baba akazungusha ufunguo. Nge-nge-nge, injini ikazunguka, lakini haikushika.

"Petroli imeoza," Sikio akasema, akinusa mdomo wa tangi. "Inanuka kama rangi ya ukuta. Miaka mitatu, mzee!"

Wakaimwaga, wakatia mpya. Nge-nge-nge. Wapi! Akafungua plagi, akazisugua, akazijaribu moja moja. Cheche zipo. Nge-nge-nge. Saa sita ikapita. Mimi nilikuwa mlangoni pa jikoni nafua nepi, mwanangu wa miezi saba mgongoni, na kila nge-nge-nge ilikuwa inanikwaruza meno.

"Nyamazeni wote," Sikio akasema. "Mzee, zungusha ufunguo kidogo tu, usipige starta."

Tukanyamaza, hata mtoto. Sikio akainamisha kichwa.

"Pampu hailii. Petroli haifiki kwenye injini."

Akang'oa kiti cha nyuma, akaitoa pampu, akaiunganisha moja kwa moja na betri. Ikanguruma vizuri tu.

"Pampu nzima. Umeme ndio hauifikii. Mzee, hukuwahi kuweka swichi ya kukata umeme wa pampu, wezi wasiliwashe gari? Madereva wengi wa teksi huweka."

"Swichi gani?" baba akauliza, akitazama paa la banda.

"Ya siri."

"Mimi sina siri."

Mama mkwe alicheka mpaka akashika ukuta. "Huyu? Hata viatu vyake vipya nilivijua siku vilipotoboka!"

"Basi ni panya, wametafuna waya," Sikio akasema. "Itabidi ning'oe kapeti yote niufuate. Mpaka kesho jioni."

Saa nane na nusu. Nilitaka kulia.

"Rudisha pampu kwanza," baba akamwambia, "halafu nenda ndani ukanywe chai. Mwenye njaa haoni waya. Mama, mpe chai mgeni."

Nilishangaa. Mtu anakimbizana na saa, halafu fundi anampa mapumziko! Nikabeba beseni kwenda kuanika nepi nyuma, na huko ndiko nilikomwona baba. Yumo garini peke yake, ameinama nusu, mkono unapapasa chini ya kiti, uso umekunjamana. Akajinyoosha, akashika kiuno, akajaribu tena. Haufiki.

Jamani, hasira zilinipanda. Tangu saa tatu!

"Baba, iko wapi?"

"Nini iko wapi?"

"Baba."

Akatazama mlango wa jikoni, kisha akanitazama mimi. "Mkwe wangu, mwalimu mkuu akisikia siwezi kuinama, ataniachia watoto wa watu? Kuendesha naendesha. Miguu mizima, macho mazima. Ni kuinama tu."

Sauti yake ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia hivyo. Hasira zangu zikabaki zimesimama, hazina pa kwenda. Nikamfungua mtoto mgongoni, nikamweka mapajani pake, nikapiga magoti vumbini.

"Nyuma ya kapeti. Ndani zaidi. Sasa sukuma mbele."

Tak.

Sikio alipotoka na kikombe chake, baba akazungusha ufunguo. Pampu ikanguruma, injini ikakohoa mara mbili, ikatema moshi mweusi, ikashika.

"Si nilisema!" Sikio akarukaruka. "Ni waya ulilegea tu. Nilipoirudisha pampu ukakaa sawa!"

"Umeme ndivyo ulivyo," baba akajibu, hata kope hakupepesa.

Alifika shuleni saa kumi kasoro dakika tano, na injini hakuizima mpaka mkaguzi alipomaliza. Kazi akapewa.

Sasa ni wiki ya tatu. Nilimwomba amwachie Sikio aitoe hiyo swichi. "Ili mtaa mzima ujue?" Nikasema basi tuiache imewashwa. "Na wezi je?" Kwa hiyo kila siku saa kumi na mbili asubuhi, uji haujachemka, baba anakuja kukohoa mara mbili chini ya dirisha langu. Natoka na mtoto, nampakatisha babu yake, napiga magoti. Jioni akirudi, napiga tena.

Leo mama mkwe amenikuta huko, kichwa chini ya kiti, miguu nje.

"Kila siku unatafuta nini humo?"

"Nafagia, mama."

Akatazama gari, akanitazama mimi, akamtazama mumewe anayemchezesha mtoto kama vile hayupo.

"Kumbe kufagia unajua," akasema. "Njoo na jikoni basi."