Mafunjo Juu ya Paa

Nyumba ya mama yangu mkubwa ilifutwa kwanza kwenye kompyuta, ndipo greda likaja kumalizia. Watu wakinisikia nikisema hivi hudhani natafuta maneno mazito. Sitafuti. Nilikuwepo ofisini, na mtu aliyeifuta alikuwa akinywa chai huku akifuta.

Ofisi yetu, kwenye orofa moja karibu na Kyambogo, hutengeneza ramani kwa picha za droni. Droni hupita juu ya mtaa ikipiga picha zinazopandana, hivyo kila mahali huonekana katika picha kadhaa. Wenzangu huzishona ziwe picha moja kubwa, halafu mimi huibana, kwa sababu ikiachwa ilivyo ni nzito mno, hakuna mteja atakayeweza kuifungua. Kubana ni kutupa. Kompyuta hutupa vitu ambavyo inadhani jicho halitavitafuta, na kwake mabati yenye kutu na udongo mwekundu ni kitu kimoja. Mapaa ya vigae ya matajiri wa kilimani hubanwa na bado yakang'aa. Hilo lilinikera tangu nianze kazi, na nilipolisema nikaambiwa nina maneno mengi.

Mama mkubwa, dada wa mama yangu, ndiye aliyenilea tangu tuvuke mpaka kutoka Kongo. Alijipatia riziki kwa kukausha samaki kwa moshi kule Ggaba kando ya ziwa, nyuma ya nyumba yake. Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili, mabati yameshika kutu, na turubai la bluu mahali palipovuja. Mafunjo ya ziwa yalikuwa karibu, lakini uani kwake palikuwa pakavu, pamefagiliwa kila asubuhi. Siku droni ilipopita alikuwa amewasha kuni mbichi, na moshi wake mwenyewe ukalala juu ya paa lake.

Kwenye picha kubwa moshi ule ulikuwa doa la kijivu, na baada ya kubanwa ukawa viraka vya mraba visivyoeleweka. Bosi wetu hakuvumilia madoa. Ni mpima mstaafu wa jeshi, Kiswahili chake ni cha kambini, na ramani aliitaka inyooke kama kitanda cha kuruta. Njia ya haki ni kurudi kwenye picha za mwanzo, moja moja, ukatafuta ile ambayo upepo ulikuwa umesukuma moshi pembeni. Ni kazi inayochosha macho. Bosi alimwagiza mwenzangu wa meza ya jirani achukue njia ya mkato: anakili kipande cha mafunjo ya hapo karibu, akibandike juu ya doa, alainishe kingo. Yule bwana ana mkono mzuri, simnyimi sifa yake. Madoa yalikuwa mengi siku ile, na hakuna aliyeuliza chini ya kila doa anaishi nani. Ramani ikapelekwa, bosi akapongezwa, akatununulia soda.

Kisha maofisa wa ardhi oevu wakafika Ggaba na ramani hiyo mkononi, wakachora msalaba mwekundu ukutani kwa mama mkubwa. Kwao nyumba isiyo kwenye ramani ilikuwa imejengwa juzi, tena ndani ya mafunjo, ambako kujenga ni marufuku. Alinipigia simu, nikaenda. Aliomba aione hiyo picha inayomfukuza. Nikamfungulia kwenye simu yangu, akaisogeza karibu na macho, akatafuta paa lake, akatafuta tanuri lake la samaki, akakuta majani ya kijani tu.

"Miye niko nalala mu hizi majani?" aliniuliza.

Akacheka. Sijawahi kuchukia kicheko kama nilivyokichukia kile, kwa sababu aliamini jambo la kijinga kiasi hicho halina budi kurekebishwa.

Nami niliamini. Nilirudi ofisini nikapekua picha za mwanzo mpaka nikampata. Katika picha moja upepo ulikuwa umegeuka, na paa lilikuwa wazi, kutu yake yote na turubai lake la bluu. Yeye mwenyewe alikuwa ameinama kwenye tanuri, nikamtambua kwa kitenge chake cha manjano. Nilifurahi kama mtu aliyeokota mtoto aliyepotea sokoni. Nikampelekea bosi, nikamweleza huyu ni nani kwangu. Aliitazama kwa makini, hata akaisifu.

"Picha muzuri," akasema. "Lakini ramani ilishaenda. Tukirudisha moja, watauliza ingine yote."

Niliichapisha mwenyewe nikaipeleka kwa maofisa. Kijana aliyenipokea alikuwa na adabu, akanipa kiti. Aliniuliza swali moja tu: kama picha hii imetoka ofisini kwenu, mbona ofisi yenu haisemi? Nilimpigia bosi pale pale, mbele yake, ili aseme neno moja. Simu iliita mpaka ikakatika. Greda lilikuja wiki hiyo hiyo.

Watu huniuliza kwa nini sikuacha kazi. Swali hilo huulizwa na watu ambao hawajawahi kumpokea mtu mzima na masufuria yake katika chumba kimoja cha kupanga Kamwokya. Nilibaki, na kila asubuhi namsalimia bosi.

Mwaka huu droni imepita tena juu ya Ggaba. Hewa ilikuwa safi, hapakuwa na moshi wowote. Pale uani, ambapo hapafagiliwi tena, maji yamepanda na mafunjo yameota, machanga, mengi, ya kweli. Bosi aliniita kwenye kioo cha kompyuta yake, akaweka ramani ya kwanza upande mmoja na picha mpya upande wa pili. Zilifanana.

"Wewe ona," akasema, na kidole chake kikagusa mahali pale pale palipokuwa na turubai. "Hapa iko majani tu. Ramani yetu ilikuwa ya kweli."

Nikarudi mezani kwangu nikaibana ile picha mpya. Haikuwa na doa hata moja. Nilipofika nyumbani, mama mkubwa alikuwa ameketi mlangoni, akaniuliza kama kazini leo tumeiona Ggaba. Nikamwambia hatujaiona.