Mwanamke wa Kwenye Kasha la Video

Mimi si mtu wa kuamini upesi, na nadhani ugonjwa huo niliupatia kwenye duka moja la Mbinga, miaka ile ambayo kila mwenye mtaji kidogo alifungua biashara. Mwenye duka, mzee wa Kilwa aliyeuza chumvi, vitenge na betri, alinunua televisheni, deki na jenereta, akageuza stoo yake kuwa banda la video. Masika yote alituonyesha mikanda ile ile mitatu ya Kihindi. Mipya, alisema, ingekuja kiangazi, barabara ya Songea ikikauka.

Makasha yake yalitangulia. Alidai yameletwa peke yake ili mikanda isiibiwe njiani. Niliona ni uongo mtupu, lakini kila nikitoka shule nilipita kuyatazama, yamening'inizwa kwenye kamba juu ya magunia ya chumvi.

Mjomba wangu, mdogo wake mama, ndiye aliyekuwa mfasiri wa banda. Alisimama kando ya televisheni na kipaza sauti, akatueleza kwa Kiswahili walichosema Wahindi. Kihindi chenyewe hakukijua hata cha kuombea maji. Watu walilijua hilo, na bado walilia pale pale alipotaka walie. Jumapili baada ya misa alisimama chini ya makasha akisimulia picha zijazo, ambazo hata yeye hakuwa ameziona.

Kasha moja lilikuwa na mwanamke kwenye stesheni ya treni, sanduku mkononi.

"Huyu ni mama, anarudi kwa mtoto wake," mjomba alisema, macho kwangu.

"Umejuaje, mjomba?"

"Tazama bega lilivyoinama. Sanduku limejaa. Mtu wa biashara huondoka na begi tupu, hurudi nalo limejaa."

Watu waliafiki. Siku hizo wanawake wengi wa mtaani kwetu waliteremka Mbamba Bay na mabegi matupu, wakavuka ziwa kwenda Malawi kununua nguo, wakarudi wameinama. Mama yangu naye alivuka hivyo, kabla mahindi hayajapandwa. Sasa yalikuwa yamekwisha kuvunwa. Bibi alisema biashara ina mambo yake, na jirani akiuliza zaidi, bibi alianza kuzungumzia bei ya mbolea.

Kilichonisumbua ni kwamba nilimwona mama alfajiri aliyoondoka. Bega lake la kulia lilikuwa limeinama wakati wa kwenda.

Sikumwambia mtu. Nilijiwekea sharti: mwanamke wa kwenye kasha akiwa kweli anarudi, basi macho yangu yalinidanganya. Kiangazi chote, nikigeuza kahawa mkekani, nilisikiliza malori ya Songea. Niliogopa mikanda isije, na niliogopa ije.

Ilikuja. Jumapili mchana banda lilijaa mpaka mlangoni. Nilikaa mbele kabisa, chini. Picha ilianzia pale pale stesheni. Mwanamke akapanda treni. Mtoto akakimbia kando ya reli, treni ikamwacha.

Nilimgeukia mjomba. Alikuwa na maneno kwa kila kitu, kwa stelingi, kwa majambazi, hata kwa ng'ombe waliopita barabarani. Sasa alikishusha kipaza sauti mpaka kiunoni.

"Fasiri, bwana," mtu wa nyuma akasema.

"Anasafiri kidogo," mjomba akasema. "Atarudi."

Wenzangu waliridhika. Mimi nilikasirika. Mkanda uliisha mwanamke hajarudi, ingawa mara mbili mjomba alimwonyesha katikati ya watu sokoni: "Yule pale, mnamwona, ameshafika." Alikuwa mwanamke mwingine kabisa, mnene, amebeba mboga.

Wakati wa kurudi nyumbani alininunulia maandazi mawili, bila kuombwa. Nikazidi kumshuku.

"Mjomba," nikasema, "mama aliacha nguo gani nyumbani?"

Nilidhani atafasiri tena, nikajiandaa kutomwamini.

"Kanga moja," akasema. "Ile unayojifunika."