Nazi Niliyomtupia Mbuzi

Sijui hata nianzie wapi, maana aibu bado inaniwaka usoni. Nilipoolewa hapa Gisenyi, niliwaacha wakwe zangu waamini kwamba nimelelewa Unguja. Ukweli, marehemu baba ndiye aliyetoka huko. Mimi nimekulia huku bara, Rugerero, kwenye mashamba ya maharage.

Juzi wifi yangu Zaina akaandaa sherehe ya wanawake nyumbani: maua kichwani, vyakula vya kisiwani vitupu. Nazi zikaletwa na lori kutoka mjini Usumbura.

"Wali wa nazi iko kazi yako, wifi," akaniambia. "We ndiye mutu wa kisiwa."

Sikuwahi kushika nazi maishani. Nilichosikia ni kwamba wali hupikwa kwa tui. Nikazipasua kwa shoka, maji yakatoka, nikaamini ndiyo tui lenyewe. Nikayapikia wali. Ile nyama nyeupe nikaidhani maganda, nikamtupia mbuzi.

Wali ukatoka mkavu, unanuka uchachu. Mgeni mmoja, mama aliyezaliwa Unguja kweli, akaonja tonge moja tu.

"Mwanangu, nazi umeikuna kwa kitu gani?"

"Kukuna?" nikauliza.

Wanawake wakageuka kutazama nje. Uani, mbuzi alikuwa akitafuna nazi mbele ya macho ya wote.

Mama mkwe, aliyezoea kunisifu soko zima kuwa mkwewe ni wa kisiwani, akaniangalia polepole.

"Asha, Unguja ulifikaka lini?"

Akainuka, akaanza kuwaondolea wageni sahani, mmoja baada ya mwingine, akiwaomba radhi.