Safari ya Msimbu na Soga kwa Ajili ya Nahodha Bi Chiku

Niliondoka Dar es Salaam Ijumaa asubuhi, barua ya mhariri ikiwa mfukoni pamoja na agizo lake: nirudi Jumatatu na sahihi ya mwandishi, la sivyo nisirudi kabisa. Ilikuwa miaka ya mwisho mwisho ya Mwingereza. Nilikuwa mpanga herufi katika gazeti dogo la kila mwezi. Kazi yangu ilikuwa kuokota herufi za madini ya risasi moja moja na kuzipanga mpaka ziwe maneno, na kwa miaka mitatu nilikuwa nimepanga kila sura ya hadithi ya Kurumbizi.

Kwa wasiowahi kuisoma, Kurumbizi ni chombo kinachosafiri angani, kikipita Mwezi, Zuhura, Mirihi na nyota ambazo hazijapewa majina. Nahodha wake ni Bi Chiku, mfinyanzi mzee wa Kizaramo. Mabaharia wake ni watu waliokosa kwao: Tufaha, msichana aliyeachwa Mwezini, askari aliyekimbia vita vya Mirihi, na kipofu anayezijua nyota kwa kusikiliza. Bi Chiku huwaokota, huwafundisha kazi, na kabla sura haijaisha wamekwisha kuwa ndugu.

Mhariri alikuwa ameanza kuona haya. Alisema mtu mwenye akili zake hawezi kuamini kwamba kikongwe wa Kizaramo anaongoza chombo mbele ya Zuhura. Akaamuru nahodha awe bwana mmoja mtaalamu kutoka Ulaya, na Bi Chiku apelekwe jikoni. Mwandishi akikubali, atie sahihi kwenye barua; akikataa, hadithi ikome. Nilitumwa mimi kwa sababu mama yangu alikuwa mtu wa Kisarawe na njia za huko nazijua. Nilikubali. Nilikuwa na kazi, na kazi za namna ile hazikuwa nyingi.

Saa mbili nilipata lori lililokuwa limeshusha mihogo mjini na sasa linarudi bila mzigo. Tulipita Pugu, kilima kikaanza, injini ikakohoa, na utingo akatuomba abiria wanaume tushuke tusukume. Tulisukuma mpaka mashati yakalowa jasho. Tulipofika Kisarawe nilikunywa maji kwenye duka la Mhindi, nikauliza njia, nikaanza kutembea. Njia nzima nilikuwa najiambia kwamba mimi ni mpeleka barua tu.

Alasiri niliingia Msimbu. Kwenye gazeti mwandishi alijiita M. Eliya, nami miaka yote nilimdhania bwana mmoja mwenye miwani. Watu walinionyesha nyumba ya udongo yenye bati jipya upande mmoja na makuti upande wa pili. Mbele yake alikaa mama wa makamo akipukuchua kunde, mguu mmoja ameunyoosha kwa sababu ya goti bovu. Nilimwamkia shikamoo nikauliza kama Bwana Eliya yupo. Aliitikia marahaba, akasema Bwana Eliya alikuwa baba yake, amekwisha kufa, na kama nimeleta barua ya gazeti nimpe yeye.

Huyo ndiye Mwalimu Marta. Alikuwa amefundisha wasichana katika shule moja ya misheni mpaka goti likamshinda, akarudi kwao kulima na kuandika. Aliisoma barua mara mbili, akaikunja, akaendelea na kunde zake. Kisha akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba atatia sahihi. Ameshachoka kubishana na watu wasioonekana. Ni afadhali Bi Chiku asomwe akiwa jikoni kuliko asisomwe kabisa.

Nilipaswa kufurahi, maana safari yangu ilikuwa imekwisha siku ya kwanza. Badala yake nilihisi kama mtu aliyeleta habari ya msiba akakuta wenyeji wanacheka. Kabla sijajizuia nilimwambia kwamba Bi Chiku hawezi kukaa jikoni, maana jikoni kwenyewe hakujui; katika sura ya nne aliunguza uji wa chombo kizima.

Mwalimu Marta aliacha kupukuchua akanitazama.

"Wewe ndiye unayepanga herufi?"

Nilisema ndiyo, ni mimi.

"Basi ni wewe uliyeweka 'wanawe' pale nilipoandika 'abiria wake'."

Nilinywea. Ni kweli nililibadilisha neno lile kwa hiari yangu, nikidhani hakuna atakayeona. Alisema alikasirika siku mbili. Siku ya tatu alisoma sura zote upya, akaona kwamba wale hawakuwa abiria tangu siku ya kwanza.

"Kubadilisha neno la mwenzako bila kumwuliza ni wizi," akasema. "Lakini wewe uliiba ukaacha kitu bora. Kaa hapa tuzungumze."

Alinipa daftari na penseli, akaniambia niandike jinsi lori lilivyokwama Pugu. Niliandika ukurasa mzima. Alikata karibu yote, akaacha yale ya mashati kulowa, akasema hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu na mengine nimeyaazima magazetini. Tangu mama yangu afariki hakuna mtu aliyewahi kukaa nami akanionyesha kosa langu bila kunidharau. Niliandika tena, na tena.

Jua lilipoanza kushuka alitoa barua za wasomaji kutoka kwenye kopo la biskuti. Moja ilitoka Soga, kutoka kwa watu wa kambi ya mkonge, nayo ilikuwa imekaa miezi miwili bila jibu. Walitaka kujua kama Bi Chiku atakufa, maana katika sura iliyotoka mwisho aliumwa. Mwalimu Marta alisema watu walioandika barua kama ile hawastahili kuyasikia mambo haya gazetini. Atakwenda kuwaambia kwa kinywa chake, na sahihi ataitia hukohuko. Nililala kwa jirani yake, mwadhini wa msikiti, aliyenilisha bada, ugali wa mihogo, na kisamvu na hakuniuliza lolote.

Jumamosi alfajiri tulianza safari ya Soga. Mwalimu aliazima baiskeli akakaa nyuma, mimi nikiisukuma kwenye mchanga na kuipanda palipokuwa na ardhi ngumu. Alijua kukaa kimya, lakini kila tulipopumzika alinitaka nimwelezee kipande cha njia tulichopita, kwa maneno machache kuliko mara iliyopita. Karibu na kijito kimoja nilimwuliza Bi Chiku alimtoa wapi. Alisema alikuwapo kweli. Baba yake Mwalimu alipooa tena, mfinyanzi mmoja wa hapo Msimbu alimchukua yeye na watoto wengine wanne waliosukumwa kando na watu wao. Hawakuwa ukoo mmoja wala dini moja. Mama yule hakujua kusoma, lakini aliuza vyungu akawapeleka wote shule, na kila jioni aliwataka wamfundishe jambo moja walilojifunza.

"Alisema mwalimu asiyefundishwa huoza," Mwalimu Marta akaniambia.

Nilimwuliza kama mama huyo angekubali kupelekwa jikoni. Aliniambia niangalie njia, kuna shimo.

Saa kumi tulifika Soga. Mkonge ulisimama kwa mistari mpaka macho yanapoishia, na harufu ya majani yaliyosagwa ilikuwa nzito. Kambi ilikuwa safu ya vibanda vya wafanyakazi wa mkataba, wale wanaoitwa manamba, waliotoka mbali: Usukuma, Umakonde, Unyasa, Ubena. Mwenyeji wetu aliitwa Masanja, Msukuma mrefu mwenye makovu ya miiba ya mkonge mikononi. Aliposikia mgeni wake ni nani alivua kofia. Kisha akamwita Zena.

Zena alikuwa mwanamke wa Kimakonde aliyemfuata mume mpaka Soga, mume akafa, naye akabaki kuanika nyuzi za mkonge. Alikuwa msomaji wa kambi. Masanja ndiye aliyemfundisha kusoma, kwa kutumia magazeti yetu yaleyale, na hakuficha kwamba aliiga jinsi Bi Chiku anavyofundisha. Walikuwa watu kumi na mmoja waliokula chungu kimoja. Mtu mpya akifika hawamwulizi kabila lake. Humwuliza anajua kufanya nini, na angependa kujua nini. Swali hilo nililitambua mara moja. Nililipanga mwenyewe, sura ya pili, ukurasa wa kwanza.

Jumapili baada ya chakula cha mchana walikusanyika mbele ya kibanda cha Masanja, na wengine wachache walikuwa wametembea kutoka Gwata. Zena alisoma sura ambayo Tufaha analala zamu na kugongesha chombo kwenye kimondo. Mabaharia wanataka ashushwe kwenye nyota ya kwanza watakayoipata. Bi Chiku anamshika mkono, anamketisha kwenye usukani uliopinda na kumwambia kwamba aliyevunja ndiye atakayejua kuunga, na mpaka aimalize kazi hiyo hakuna atakayemwita kwa jina jingine isipokuwa fundi. Zena hakuwa na haja ya kutazama karatasi. Watu waliyatamka maneno ya Bi Chiku pamoja naye, polepole, kama wanavyotamka dua.

Mwalimu Marta alisubiri mpaka mwisho, kisha akasimama kwa goti lake bovu akawasomea barua ya mhariri. Akasema amekuja kuwaaga, maana anakusudia kukubali.

Masanja alisimama, akaeleza jambo lililotokea kambini mwaka uliotangulia. Mmoja wao, Mnyasa, alikufa kwa homa. Msimamizi wa shamba alisema hana ndugu, kwa hiyo afukiwe upesi bila mtu kuacha kazi. Wote kumi na mmoja waliobaki walikwenda mpaka mlangoni pa ofisi. Msimamizi akauliza nani kati yao ni ndugu wa marehemu. Zena alisema ni yeye. Masanja akasema ni yeye. Wakaendelea mmoja mmoja mpaka wa mwisho, Wasukuma na Wabena na Wamakonde, kila mtu akitaja jina lake liandikwe. Waliambiwa watafukuzwa. Hawakuondoka. Mwishowe walipewa nusu siku, wakamwosha ndugu yao, wakamswalia, wakamzika kwa heshima yake.

"Ujasiri ule hatukuzaliwa nao, Mwalimu," Masanja akasema. "Tuliusoma kwako."

Zena aliikunja karatasi aliyokuwa ameishika.

"Mimi nimejifunza kusoma ili nimfuate mama huyu," akasema. "Akienda jikoni, huko ndiko nilikotoka mimi, nakujua tayari."

Mwalimu Marta aliomba kalamu. Nilikuwa nayo mimi, nikampa. Aliiweka barua juu ya goti lake zima na mahali pa sahihi akaandika: Bi Chiku hashuki kwenye usukani. Kisha akanigeukia, akasema nisihofu, ataandika pembeni kwamba mimi nilifanya kazi yangu ya kumshawishi.

Nilimwomba anirudishie kalamu. Chini ya maneno yake niliandika jina langu, Athumani, mpanga herufi. Baada yangu Zena aliichukua kalamu, kisha Masanja, na karatasi ikaendelea kuzunguka mpaka nafasi ikaisha.

Jumatatu asubuhi walinisindikiza stesheni. Mwalimu Marta alibaki siku mbili zaidi, maana walimwomba awasimulie sura ambazo hajaziandika. Zena alinipa mihogo ya kuchoma imefungwa kwenye jani la mgomba. Nilikaa daraja la tatu karibu na dirisha, nikaandika safari yote kwenye daftari, nikakata kila kitu nilichohisi nimekiazima.

Saa nane mchana nilikuwa mbele ya mhariri. Aliisoma karatasi, akaigeuza nyuma kuona kama kuna sahihi ya kweli, akaniuliza kama naelewa nilichofanya. Nilimwambia naelewa vizuri. Akanifuta kazi, nikatoka na vazi langu la kazi likiwa begani.

Wiki tatu nilitafuta kazi. Mwishowe nilipokewa na bwana mmoja wa Gerezani aliyekuwa na mtambo mdogo wa kuchapa kadi za harusi. Aliniruhusu kuutumia baada ya saa za kazi nikileta karatasi zangu. Mwalimu alituma sura mpya, nami nikaipanga ikawa kijitabu cha kurasa nane. Vya kwanza vilikwenda Soga kwa treni. Vya pili vilifika Ruvu na Ngerengere, maana wafanyakazi wa reli walivichukua wakavipitisha wenyewe kutoka stesheni hadi stesheni.

Kabla mwaka haujaisha, mhariri alimtuma karani wake. Wasomaji wake walikuwa wanauliza. Alikuwa tayari kuirudisha hadithi gazetini, nahodha akibaki Bi Chiku vilevile, ilimradi vijitabu vyetu vikome na kila sura apitishe yeye kwanza. Mwalimu Marta alikataa kujibu peke yake. Aliipeleka barua Soga, nasi tukakaa Jumapili nzima tukiizungumza, mimi nikiwa nimehesabiwa mtu wa kumi na mbili. Kila mmoja alisema lake. Jibu tulilolipeleka lilikuwa hapana.

Nilikwenda safari ile nikidhani undugu ni jambo analozaliwa nalo mtu, na kwamba mimi, niliyefiwa na mama, langu limekwisha. Nilirudi nikijua kwamba watu wanaweza kuuamua, wakakaa katika uamuzi huo mbele ya mlango wa ofisi. Na ukiwa na watu wa namna hiyo, hapana ni neno jepesi kulitamka.